Mkono Wenye Ganzi na Mbwa Aliyekuwa Akivuta

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali na upande mmoja wa mwili wako haukusikii, mimi nilikaa hapo kabla yako, na benchi lenyewe nalijua: la mbao, halina mgongo, mgonjwa wa kiharusi lazima aegemee mtu. Mimi niliegemea mwanangu Raya. Haya ninayoandika si ya kitabibu. Dawa utaambiwa na wenyewe. Nitakusimulia habari za mkono wangu wa kushoto, za binti yangu aliyesimamisha masomo kwa ajili yangu, na za mbwa. Najua mbwa anakushangaza. Alinishangaza na mimi.

Naitwa Shemsa. Nina miaka hamsini na tatu, mjane, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilishona kofia kwa mkono nyumbani kwangu Malindi, mtaa wa karibu na bandari hapa kisiwani, ghorofa ya pili, katika jumba la zamani lenye ngazi za mbao zilizosimama wima. Asubuhi hiyo ilikuwa mwanzo wa kaskazi, hewa kavu, na nilikuwa namalizia kofia ya mtu wa Mkokotoni aliyekuwa anamwoza mwanawe. Nikaona tone la damu kwenye kitambaa cheupe. Nikakasirika, maana damu kwenye kofia haitoki vizuri, nikatafuta ilikotoka. Sindano ilikuwa imezama kwenye kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto, na mimi sina habari. Nikaichomoa, nikajichoma tena kwa makusudi. Hakuna kitu. Nikamwita jirani, na neno lililonitoka halikuwa jina lake wala jina la mtu yeyote.

Nilikaa wodini siku kumi. Raya alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi Dar es Salaam, akaja na boti ya mchana, begi mgongoni, sare ya chuo bado mwilini. Chuo kilimpa ruhusa ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kaskazi ijayo, naye hajarudi, nafasi yake anapewa mwingine. Barua ya chuo aliikunja akaiweka chini ya godoro, kana kwamba sitajua. Hilo ndilo lililotukaa rohoni mwaka mzima: je, nitaweza kuishi bila yeye kabla ya muda huo kwisha?

Sasa yale ambayo watu hawakwambii. Mkono wa kushoto ndio wa kujisafishia chooni. Ukifa ganzi, mtu mwingine atakusafisha, na kwangu mtu huyo alikuwa mtoto niliyemtawadha mimi mwenyewe. Chai ilinichuruzika pembeni mwa mdomo nisijue mpaka nione kanga imelowa. Nilikuwa naukuta mkono wangu kitandani, nadhani kuna mtu amelala nami. Raya aliucheka mkono ule mara moja, ili na mimi nicheke. Sikucheka.

Ganzi haikuishia mkononi. Majirani walikuja na mabakuli ya uji wa ngano, wakakaa chini, wakalia, mimi nikawatazama. Nilimsikia Raya analia kwenye ngazi, peke yake, na nilichofikiri ni kama sufuria la maziwa limefunikwa. Nakwambia hivi kwa sababu huenda na wewe umelala hapo unajiuliza umekuwa mtu gani. Wengi watakuambia ushukuru na usubiri. Nilisema alhamdulillahi kila siku na ulimi ulisema vizuri, lakini ndani hapakuwa na mtu.

Masika yote tulikwenda mazoezini mara mbili kwa wiki. Kushuka zile ngazi nilibebwa kwenye kiti na majirani wawili, mmoja juu, mmoja chini, wakigombana nani anaegemeza wapi. Chumba cha kungojea kilivuja pembeni, ndoo ikawekwa, na sisi wa kiharusi tulikaa tunaitazama ndoo inajaa. Mzee mmoja aliniuliza kila wiki kama mimi ni mgeni pale. Nilimjibu kila wiki. Ndani, dada wa mazoezi, binti mdogo mwenye mikono ya nguvu, alinipindapinda vidole na kunipa mpira niubane. Mpira ulidondoka. Aliuokota, akanipa tena.

Masika yalipokwisha, ndugu yangu Haji akaja na gari ya kukodi, akasema basi, nyumba ya ghorofa si ya mtu mwenye mguu mmoja. Akatuchukua mimi na Raya kwake Bwejuu. Dada wa mazoezi aliniaga kwa maneno mawili tu: tembea kila siku, mkongojo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uupe kazi, hata kama utaifanya vibaya.

Haji ni mlinzi na mtunzaji wa nyumba ya mgeni mmoja pale ufukweni. Mkewe Zuhura analima mwani. Mgeni mwenyewe alikuwa amerudi kwao kwa miezi mingi na alikuwa amemwachia Haji nyumba, bustani, na mbwa wa kahawia, mkubwa, aliyeitwa Kahawa. Haji alimlisha kwa kumsukumia sahani kwa fimbo, akaenda zake. Lakini siku chache kabla sisi hatujafika, mbwa alitoka nje, akapita juu ya mwani wa watu ulioanikwa, akaukokota na kuuchana. Sheha, kiongozi wa kijiji, akaja. Akasema kwa adabu kwamba akionekana tena bila kufungwa, yeye hatakuwa na la kuwaambia kina mama wenye mwani. Kila mtu alijua maana yake: mbwa atauawa.

Kwa hiyo ilibidi atembezwe kwa kamba. Haji alimtembeza siku mbili, au tuseme mbwa alimtembeza Haji, mbio mpaka kwenye maji. Raya akajaribu, kamba ikamchuna kiganja. Mbwa akafungiwa uani akawa anabweka mchana kutwa.

Wakati huohuo mimi na Raya tulikuwa na vita vyetu. Kila asubuhi alinishika mkono kunitembeza.

"Mama, nyanyua mguu."

"Nnaunyanyua."

"Huunyanyui, unauburura. Haya, twende."

Akinivuta, nasimama. Nikisimama, ananivuta zaidi. Majirani wakituona hawajui nani mgonjwa. Siku moja nikamwambia aniachie, sitaki kutembezwa, akatupa mikono akasema, "Basi nenda mwenyewe, tukuone." Nikaenda mwenyewe. Nikapita uani kwa mgeni, nikachukua kamba ya mbwa iliyoning'inia kwenye msumari.

Watu walisema nilikuwa jasiri. Tangu utotoni namwogopa mbwa, na najisi yake katika dini yetu inajulikana: akikugusa na kuna umajimaji, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Siku ile sikuogopa kwa sababu nilikuwa siogopi kitu chochote. Hiyo si sifa. Nilimfunga Kahawa kwenye mkanda wake wa shingoni, mkongojo kulia, kamba kushoto, nikafungua geti.

Nilipiga hatua labda sita. Aliona mbuzi. Niliona kamba inakwenda na mkono wangu unakwenda nayo, bila kuhisi kwamba navutwa, halafu mchanga ukaja usoni. Raya alikuja mbio. Kahawa alimkosa mbuzi, akarudi, akakaa karibu na kichwa changu, anahema. Haji alisimama mlangoni.

"Dada, jamani. Kwani kuku hawapo, lazima mbwa?"

"Kuku hatembezwi," nikamwambia.

Raya alinipangusa mchanga mdomoni kwa ukingo wa kanga yake. Nilimwangalia tu, na nikafikiri: kesho saa ngapi?

Wiki ile daktari wa mifugo alipita kijijini kuwachanja mbwa chanjo ya kichaa. Mtu mrefu, mchache wa maneno. Haji alimweleza kisa changu kwa kicheko, yeye hakucheka. Aliniamkia, nikaitikia, akachuchumaa mbele yangu.

"Bi mkubwa, akivuta, wewe simama. Usimvute na wewe, usimpigie kelele. Simama tu mpaka kamba ilegee. Ikilegea, nenda. Ukimfuata hali anavuta, ushamfundisha kwamba kuvuta ndiko kunakomfikisha."

"Na nikianguka?"

"Kamba usiizungushe kwenye kifundo. Ishike tu, ili ikibidi ikutoke. Na akitembea ubavuni kwako, mpe kitu kidogo pale pale. Dagaa basi."

Kusimama nilikuwa nakuweza. Labda ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiweza kuliko watu wote wa Bwejuu. Tatizo lilikuwa jingine: mkono uliokuwa na kamba haukujua kamba imekaza au imelegea. Ilibidi niutazame, na nikitazama mkono sitazami njia. Nikakaa siku nzima nalifikiria hilo, na nilifurahi kuwa na kitu cha kufikiria, ingawa "kufurahi" ni neno kubwa. Kisha nikamwomba Raya anichanie kipande cha kanga nyekundu, nikakishona kwa mkono mmoja katikati ya kamba, kitambaa nimekibana kwa goti. Mishono ilikuwa ya aibu. Ila kamba ikilegea kile kitambaa kinaning'inia chini, ikikaza kinapanda na kunyooka. Naweza kukiona kwa pembe ya jicho.

Tukaanza. Kutoka getini hadi mnazi wa kwanza ni hatua arobaini, na asubuhi ya kwanza ilituchukua karibu saa nzima. Kahawa anavuta, kitambaa kinapanda, nasimama. Anavuta zaidi, anageuka kunitazama, anabweka. Nasimama. Anakaa. Kitambaa kinashuka. Napiga hatua. Anaruka mbele, kitambaa kinapanda, nasimama. Dagaa walikuwa kwenye kifuko kiunoni, namdondoshea mmoja akiwa ubavuni, naye alianza kuelewa kwamba dagaa hudondoka karibu na mguu wangu mbovu na si mahali pengine popote. Wanawake waliotoka mwani walipita na magunia kichwani, wakanisalimia kwa mbali, wakamwangalia mbwa, wakaniangalia mimi.

"Bi Shemsa, mnangoja nini hapo?"

"Tunangoja kamba."

Wakaenda wanacheka. Kusi lilikuwa linavuma, macho yananitoka machozi ya upepo. Kwa wiki tatu hatukuupita ule mnazi. Mbwa hana haraka ya kukuona unapona, hakuulizi leo unajisikiaje, na haleti uji. Anataka kujua kitu kimoja: tunakwenda au hatuendi.

Asubuhi moja tulifika mnazi wa pili bila kusimama hata mara moja. Niligeuka kumwonyesha Raya. Alikuwa amekaa kizingitini na kitabu cha chuo magotini.

"Mama," akaniita, "mbona yeye humvuti ukamwambia anyanyue mguu?"

Alisema kwa utani, lakini uso ulimwiva. Tangu siku hiyo hakunishika mkono tena kunitembeza. Alitembea pembeni yangu, na mimi nikisimama, anasimama.

Lililobaki lilikuwa la Zuhura. Wifi yangu ni mtu mwema, lakini jikoni kwake ni jikoni kwake. Alinitengea kikombe, ndoo na kopo la kuchotea maji, na sanduku la udongo safi karibu na mlango wa uani. Kila nikirudi na Kahawa, nauosha mkono wa kushoto mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, ndipo naingia. Sikuona ubaya. Tulilelewa hivyo, na mimi mwenyewe nisingeweza kusimama kuswali na shaka ile. Na shaka yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mzima wa afya, kwa sababu mtu mwingine mbwa akimlamba anahisi. Mimi nilikuwa sijui. Ulimi, mvua, jasho, ukavu, vyote kwangu vilikuwa sawa. Kwa hiyo niliosha kila siku, nimeguswa sijaguswa.

Vuli ilipokuja kila kitu kililowa: kamba, mbwa, mimi. Alasiri moja tulirudi tumenyeshewa, Kahawa akajikung'uta hapo hapo nilipo, na baridi ilikuwa inanitetemesha upande mmoja tu. Zuhura alinihurumia. Akachota maji yaliyokuwa yanachemka jikoni akayatia kwenye ndoo yangu, akaniambia, "Wifi ngoja, n'akuletee ya baridi uchanganye," akaenda kisimani. Wakati wa alasiri ulikuwa unapita, sikungoja. Niliuchovya mkono wa kushoto kwenye udongo, nikashika kopo la plastiki kwa kulia, nikaanza kumwagia. Nilijichunga sana mkono wa kulia usiguse yale maji, kwa sababu huo ndio ulikuwa safi na sikutaka kuunajisi. Mkono pekee ambao ungeweza kuniambia, ndio niliouweka mbali.

Mvuke niliuona. Sikudanganyi kwamba sikuuona. Niliuona na haukuniambia kitu. Nilipofika mara ya tano niliona ngozi ya mgongo wa kiganja imebadilika rangi na kujikunja. Nikafikiri: hii si sawa. Nikamwaga ya sita, nikamwaga ya saba.

Raya ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa anatoka dukani, mkate ukamdondoka kwenye maji ya mvua. "Mama! Unajipika! Mama, unajipika!" Akauzamisha mkono wangu kwenye ndoo ya baridi ya Zuhura, akaushikilia mle huku Zuhura amekaa chini matopeni, mikono kichwani, anasema ni yeye, ni yeye, Mungu wangu ni yeye. Mimi nilikuwa nauliza kama wakati wa alasiri umeshatoka.

Kidonda kilifungwa na kufunguliwa kituo cha afya kila baada ya siku moja, kwa wiki tano. Tulikaa tena kwenye mabenchi. Safari hii Raya hakuniletea gazeti wala hakunitania. Siku ya nne, tukiwa tumengoja kuitwa tangu asubuhi, akaongea akiwa anatazama ukuta.

"N'takiandikia chuo. Sirudi."

"Kaskazi bado."

"Mama, we umejiunguza mpaka malengelenge na hukusema hata 'ah'. Nikuache nende wapi mie?"

Nilijua kwamba mama hapo anatakiwa avunjike moyo, nikautafuta moyo wangu nione umevunjika, nikakuta umekaa kama ulivyo. Nilichokuwa nacho kilikuwa hesabu tu: ana miaka ishirini na moja, mimi naweza kuishi miaka thelathini mingine. Nikamwambia asiandike chochote mpaka kaskazi. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana.

Tulipotoka pale nilimwomba tupite kwa Bi Salma, anayesomesha wanawake Kurani pale kijijini. Tukamwamkia, akatukaribisha mkekani, nikamweleza yote, na mkono uliofungwa nimeupakata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huzuni.

"Bi Shemsa, mbwa mkavu na mkono mkavu, najisi itahamaje? Wewe ulikuwa unaosha ambacho hakipo."

"Ila mimi sihisi. Sijui kama nimelambwa."

"Mungu hakukuuliza usichokijua. Ukiona kwa macho yako umelowa mate yake, osha. Hukuona, una amani. Na maji hata siku moja hayakuambiwa yawe ya moto." Akamgeukia Raya. "Mnunulie glavu mama yako, za mpira. Itaoshwa glavu."

Tulicheka wote watatu, au wao walicheka na mimi nikafungua mdomo. Tulirudi nyumbani na sharti moja ambalo Raya alilibandika kwa gundi juu ya ndoo zote, kwa herufi kubwa: KULIA KWANZA. Nawe mwenye ganzi, chukua hilo. Usiuamini mkono ambao ni wako lakini hausemi.

Mkono ukiwa umefungwa bendeji sikuweza kushika kamba, na Kahawa alianza kubweka tena uani. Siku ya tatu ya kelele zile nikapitisha kitanzi cha kamba kwenye kiwiko, kikakaa katika kunjo la mkono kama mpini wa kikapu. Raya alikataza, nikamwambia yule mbwa siku hizi havuti vya kuangusha mtu. Tukatoka. Karibu na mnazi wa kwanza Kahawa aliona kaa, akasogea mbele kidogo, na nikasimama.

Nilisimama kabla sijakitazama kile kitambaa chekundu. Kiwiko kilikuwa kimeniambia. Kitu kidogo sana, mvuto mdogo kutoka mbali, kama mtu anagusa mlango wa chumba cha pili. Nilisubiri. Kahawa akarudi ubavuni, mvuto ukaondoka. Nikampa dagaa. Nilijaribu mara kumi siku ile, na mara kumi kiwiko kilisema kweli.

Kuanzia hapo mbwa alijifunza haraka, kwa sababu mimi nilikuwa sichelewi tena. Kamba haijakaza bado, mimi nimeshasimama, naye akaona hakuna faida. Tulipita minazi, tukapita duka, tukapita kwenye mwani ulioanikwa, kina mama wamesimama na fimbo tayari. Kahawa aliutazama mwani, akanitazama kiunoni kwenye dagaa. Tukapita. Kaskazi ilipoingia, nilikwenda dukani na kurudi peke yangu na mbwa, nimebeba mkate, na sheha aliyekuwa barazani akaniambia, "Bi Shemsa, na sisi wanaume utatufundisha lini?" Sijui alitaka kusema nini, lakini wanawake waliokuwepo walielewa.

Zilibaki siku tisa kabla ya chuo kufunga nafasi. Raya alikuwa hajafunga begi wala hajasema atafunga. Asubuhi ile akaniketisha barazani, akanifunga macho kwa kanga.

"Nikikugusa kidole, useme kipi. Ukipata, nnakwenda. Ukikosa, tusizungumze tena."

Nikaunyoosha mkono. Kidonda kilikuwa kimepona, ngozi imebaki laini ya kung'aa, na nitakwambia ukweli ambao sikumwambia yeye: vidole havikuwa vimerudi, hata kimoja. Mpaka leo.

"Kipi?"

Ndani ya vidole hapakuwa na kitu. Lakini mvuto mdogo ulipanda mpaka kiwikoni, kwa upande wa nje.

"Cha mwisho."

"Hiki?"

Upande wa ndani, na juu kidogo. "Gumba."

"Na hiki?"

"Cha shahada."

Nilikosa kimoja tu kati ya vitano, cha kati nikakiita cha pete. Alinifungua macho. Nikamwambia, "Si unaona? Mkono umerudi." Sikujua kama nimemdanganya. Aliniuliza nikajibu, na majibu yalikuwa sahihi. Siku hiyo hiyo alianza kufua nguo zake.

Haji alitupeleka mjini. Bandarini Malindi palikuwa na msongamano wa mabegi na watu wanaoagana, na jumba langu lilionekana kule, madirisha yamefungwa. Raya alinikumbatia mpaka Haji akamwambia boti haimngoji mtu. Nilimpapasa mgongo kwa mkono wa kulia, nikamkumbusha asinywe maji ya bomba. Alipopita kwenye kizuizi aligeuka mara mbili. Nilimpungia. Haji alilia njia nzima kurudi Bwejuu, mwanamume mzima na masharubu yake, na mimi nilihesabu nguzo za umeme.

Wiki ya pili Raya akanipigia simu, baada ya mafunzo ya wodini. Nilikuwa nimekaa nje, Kahawa amelala mbali kidogo, kamba haikuwepo. Aliniuliza habari za kila mtu, hata za mwani.

"Mama, siku ile ya vidole."

"Enhe."

"Nilikuwa nakuvuta." Sauti ikamkatika. "Sikukugusa tu. Nilikuvuta makusudi, kila kidole upande wake. Nilishaona unasimama na mbwa bila kutazama kamba, nikajua kiwiko kinasikia. Nilijua nikivuta utajibu. Nilikuwa nataka kuondoka, mama. Nnaona haya. Nilikuwa nataka sana kuondoka."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nilijua, kwamba na mimi nilimwibia vilevile, kwamba sote wawili tulifunga macho siku ile. Hayakutoka. Kitu kilikuwa kimenishika chini ya koo. Nilidhani ni kiharusi kingine, nikaunyanyua mkono wa kulia nauangalia, ukanyanyuka. Nikaushika mguu wa kulia, ukasikia. Halikuwa hilo. Ilikuwa mwanangu yuko ng'ambo, ana miaka ishirini na moja, na alikaa mwaka mzima ananiosha huku anatamani kukimbia, na hakukimbia.

"Mama? Umekasirika?"

"Sijakasirika," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa imelowa, hata yeye aliisikia. "Inaniuma, Raya."

"Wapi? Mama, wapi panauma? Mwite mjomba."

"Usimwite mtu. Niache. Mwaka wote huu hakikuniuma kitu," nikamwambia. "Niache iniume."

Hakukata simu. Nilimsikia anavuta pumzi upande wa pili, katika ukumbi wenye kelele za wanafunzi, na nililia mpaka skrini ya simu ikalowa.